Baba, Tulifungwa Saba Nyumbani Kwenu

Baba,

Shikamoo. Najua leo hapana wa kuniitikia, lakini wewe ndiwe uliyenifunza kwamba mtu haanzi maneno na mkubwa wake kabla ya kumwamkia, nami sijui kuanza nawe vingine.

Siku ile wanaume walipolibeba jeneza lako mlangoni, sisi wanawake tulibaki ndani. Tulisikia shahada ikitoka kwenye kichochoro chetu cha Kibokoni, ikaenda, ikaenda, mpaka sauti za pikipiki zikaifunika. Mama alikuwa amenishika kifundo cha mkono kana kwamba mimi nami nabebwa. Sikukusindikiza, Baba, na kuaga hatukuagana. Tangu siku hiyo kila jambo likinitokea nasema moyoni, hili nikifika nitamwambia Baba. Yamejaa sasa. Acha niyatoe.

Duka lako limekwenda. Lilikaa limefungwa, kisha mwenye nyumba akampa kijana anayeuza makava ya simu. Kile kioo kikubwa kimebaki ukutani kwa sababu hakitoki bila kuvunjika, na wateja wake wakisubiri hujitazama humo kama wako wakikuja kunyolewa. Mzee Athmani, uliyekuwa ukimnyoa ulipoanguka, hajakwenda kwa kinyozi mwingine. Nilikutana naye karibu na msikiti, ndevu zimemjaa mpaka shingoni. Akaniambia hajui ampe nani shingo yake.

Lakini nilitaka kukwambia habari za timu.

Waliniita, Baba. Zile video ulizokuwa ukinipiga kwa simu pale Makadara baada ya sala ya alfajiri, umejifunga kikoi, mkono mmoja umeshika simu na mguu unapiga mpira, zilifika kwa watu wa mpira wa Ngazija, kisiwani kwenu ulikozaliwa, na pasi ya kusafiria uliyohangaika kunitafutia ikatoka. Simu yao ilikuja siku chache tu baada ya hitima yako. Kocha mwenyewe ndiye aliyepiga, mwanamke, anasema Kiswahili cha kusomea. Akaniambia nimechaguliwa kuwa kipa wa timu ya wasichana chini ya miaka kumi na saba, na kwamba tutacheza mechi mbili za kufuzu, moja kule na moja huku. Nikamuuliza na nani. Akasema, na Kenya.

Nilikaa kitako kwenye ngazi. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na mtu niliyetaka kumtizama usoni wakati ule hayupo. Wewe uliyekuwa ukisema, "Mimi hapa ni Mngazija, nikienda kule ni mtu wa Mombasa," ungesemaje?

Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba siendi. Mama alikuwa ndani ya eda. Hapaki wanja, hafukizi udi, hatoki hata barazani. Shule ya Ganjoni ilimpa ruhusa, jikoni wakamweka mtu mwingine apike kwa niaba yake. Nyumba ilikuwa yeye na mimi. Nani angemwendea sokoni? Nani angelala kitanda cha pili? Nikanyamaza, sikumwambia. Lakini ukuta wetu na wa jirani unaujua, hauzuii neno. Kabla ya jioni Ami Yusuf alikuwa amekwisha kusikia, akaja.

Alikaa nje ya pazia kama inavyopasa, kwa sababu Mama asingeweza kuonana naye. Unamjua ndugu yako anavyozungumza akiwa na uchungu, polepole, kama anayesoma. Akasema yeye hana ubaya na mpira, lakini udongo wa kaburi la kaka yake haujakauka, na mtoto wa kike avae nguo za michezo apande ndege akacheze mbele za watu, watu watasema nini? Akasema marehemu angekuwapo angeona aibu. Hilo ndilo lililonichoma. Nilikuwa nimesimama katikati, yeye upande ule wa pazia na Mama upande huu, nikamwona Mama anaweka chini ungo wa mchele.

Unajua Mama hakuupenda mpira hata siku moja. Unajua alivyokuwa akizifua soksi zangu bila kuzitizama. Nilidhani atasema, shemeji umesema kweli.

Akasema, "Shemeji, nakuheshimu. Mtoto huyu babake alimpeleka uwanjani kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilikuwa sitaki, naye alijua sitaki, na bado alimpeleka. Idhini ya baba haifi na baba."

Ami akainuka. Tulimsikia akivaa viatu. Ndipo Mama akanigeukia mimi, na macho yake, Baba, yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Enda," akaniambia. "Mimi sendi popote. Utanikuta papa hapa."

Dada wa Mama akaja kutoka Likoni kulala naye. Mimi nikaenda.

Nilishuka Ngazija nikaona mlima umeinama juu ya mji na mawe meusi kila mahali, nikakumbuka ulivyosema kwamba utotoni mlikuwa mkicheza pekupeku juu ya mawe hayo. Sikukuamini wakati ule. Wasichana wa timu wengine walikuwa wa visiwani, wengine walikuja kutoka Ufaransa, wazazi wao walihama zamani. Kapteni wetu alikuwa Zainaba, wa Marseille, mrefu, mkali, hajui neno la Kiswahili. Tulizungumza kwa mikono. Wa visiwani nilielewana nao nusu. Wakiniuliza "Jeje?", yaani hujambo, niliweza kujibu, kwa sababu nilikusikia ukilisema kwenye simu na dada yako. Siku ya kwanza nikampa mmoja wao maji akaniambia "marahaba", nami nikatafuta nyuma yangu nani kamwamkia. Kumbe kwao ndiyo asante. Walicheka sana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu ufe, na nilipojisikia nacheka nikaona haya nikanyamaza.

Kabla ya mechi kocha alinipa ruhusa niende kwenu, kaskazini ya kisiwa. Shangazi Hadija alikuwa amesimama barabarani tangu asubuhi, hata hajui gari letu litafika saa ngapi. Tulikuwa hatujawahi kuonana, mimi naye. Alinishika mashavu, akanigeuza huku na huku, akakutaja kwa jina, "Huyu ni Mbaraka aliyevaa buibui." Kisha akanikalisha mkekani, akafunga mlango majirani wasiingie kwanza. Akaniambia nimweleze ulivyokufa.

Baba, nilikuwa sijamweleza mtu. Mombasa kila mtu alikuwepo au alisikia, hapakuwa na wa kuuliza. Nikamweleza. Kwamba ulikuwa umesimama ukimnyoa Mzee Athmani, umemaliza shavu moja. Kwamba wembe ulianguka, ukasema "Samahani," ukainama kuuokota, hukuinuka tena. Kwamba Mzee Athmani, mzee wa miaka ile, alikubeba na vijana wa jirani mpaka kwenye tuktuk, povu la sabuni bado liko kwenye shavu la pili, akaketi nawe hospitali mpaka povu likamkaukia usoni na hakuna aliyethubutu kumwambia. Kwamba mkono wako wa kulia haukuwa na nguvu lakini wa kushoto ulinishika. Kwamba hukuweza kusema, Mama akakusomea Yasini sikioni, na alipofika mwisho akaanza upya. Kwamba msikitini watu walijaa mpaka wengine wakasali nje, nusu yao umewanyoa wewe.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza. Akapangusa uso kwa shiromani alilojitanda, akasema kwa Kiswahili kilichochanganyika na cha kwenu, "Basi hakufa ugenini. Hilo ndilo nililotaka kujua."

Nikalala mapajani pake. Sijui nililala kwa muda gani. Nilipoamka alikuwa amenifunika, na chumba kimejaa watu wa kwenu, wamekaa kimya wakinisubiri.

Sasa mechi. Sitakuficha.

Kwanza zilikuja nyimbo za taifa. Ulipopigwa wa visiwani, wenzangu waliimba, Zainaba macho kafunga, mimi nikafungua mdomo kidogo nisionekane, kwa sababu maneno siyajui. Kisha ukapigwa wa Kenya. Baba, nimeuimba kila Jumatatu tangu niingie shule. Nilibana midomo. Ikafunguka yenyewe. Nikajikuta naimba pole pole, nimevaa jezi ya kijani ya kwenu, mbele yangu wasichana kumi na mmoja wanaimba wimbo uleule. Mmoja wao akaniona, akainamisha uso. Baadaye beki wetu mmoja aliniuliza, bila ubaya, "Wewe ni wa wapi?" Nikamjibu maneno yako, kwamba hapa mimi ni wa Mombasa, na Mombasa ni Mngazija. Akasema, basi una kwenu mara mbili. Sikuwahi kuliona hivyo. Nadhani hata wewe hukuliona hivyo.

Tulifungwa saba. Wenzetu wale walikuwa wamekaa pamoja kambini muda mrefu, sisi tulikuwa bado tunafunzana majina. La kwanza liliingia kabla sijagusa mpira. Baada ya la nne watu walianza kutoka jukwaani. Baada ya la tano nilikuwa natamani refa aangalie saa yake tu. Nilisikia sauti yako, si ya kunituliza, ile ya ukali uliyoitumia Makadara nikilalamika: "Bao hupita watu kumi kabla ya kukufikia wewe. Inuka." Nikainuka. Likaingia la sita. Nikainuka.

Filimbi ya mwisho ilipopigwa jukwaa lilikuwa karibu tupu. Shangazi Hadija alikuwa bado amekaa, na wanawake wa kwenu ubavuni mwake, nyuso zao zimepakwa msindano, ule unga wa sandali wa manjano, kama wamekuja harusini. Akashuka mpaka kwenye uzio wa waya. Nilisimama mbele yake, tope mpaka masikioni. Akapitisha vidole kwenye waya akanigusa.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikasema sijala. Akasema, twende.

Wali wa nazi na samaki, Baba, na mataba, kisamvu cha nazi, kama yale aliyokuwa akikupikia Mama ukiwa na hamu ya kwenu. Alialika timu nzima. Zainaba alikula akilia, anapangusa pua kwa kiganja, anakula tena.

Mechi ya pili ilikuwa huku, Nairobi. Baridi. Tulipanda basi la kwenda uwanjani. Kocha alisimama mbele akatwambia jambo moja: kwamba hakuna mtu duniani anayetutarajia tushinde, kwa hivyo hatuna wa kumwogopa, na tucheze kama watu waliokula pamoja. Hiyo ndiyo hotuba yote.

Sitakudanganya, Kenya waliwapumzisha baadhi ya wachezaji wao wazuri. Hata hivyo. Mabeki wetu walikuwa wamejua kila mmoja asimame wapi, na mimi nilikuwa na jambo ambalo wale wasichana wa Kenya walilisahau, kwamba nawasikia. Wao walidhani jezi hii haijui Kiswahili. Walipopata mpira wa adhabu mmoja akamwambia mwenzake mbele yangu waziwazi, pitisha chini, kushoto kwake, huyu kushoto ni mbovu. Ni kweli, wewe mwenyewe umelisema hilo miaka. Nikalala kushoto, mpira ukanijia kifuani kama mtu aliyetumwa. Yule msichana alinikodolea macho. Nikamwambia, "Pole, dada." Akaziba mdomo kwa mkono.

Na mwingine akaja peke yake, mimi na yeye tu. Hapo hapakuwa na mtu wa kumsikia. Nikatizama bega. Ulivyonifunza, kwamba mtu kwenye kiti chako kabla hajageuza kichwa bega hutangulia kusema, na kinyozi asiyelitizama atamkata mtu. Bega lake likashuka kulia. Nikaenda kulia. Sijui mpira ulinigusa wapi, nilisikia maumivu na nikasikia watu wakiguna.

Tulikwenda mapumzikoni sufuri kwa sufuri.

Laiti ungekiona chumba kile. Zainaba alikaa sakafuni anacheka anapiga vigae kwa viganja. Beki wetu alikuwa ameinua vidole viwili alivyovikunja kama mviringo, sufuri, anamwonyesha kila mtu, kana kwamba hatukuwepo. Kwa taifa la watu wachache kama letu, Baba, sufuri si jambo dogo. Mimi nilikwenda chooni nikafunga mlango, nikaweka kichwa ukutani. Nilikutaka. Nilikutaka kwa hasira, kama mtoto anayemtaka babake dukani na duka limefungwa.

Kipindi cha pili tulichoka. Walitufunga mawili, yote mawili mwishoni, la pili nililigusa kwa ncha za vidole likaingia vivyo hivyo. Tukatoka kwenye mashindano. Yule mshambuliaji wa bega alinifuata baada ya mechi. Nilidhani anataka jezi. Akasema yeye ni wa Mombasa pia, wa Kizingo, babake akinyolewa kwako alipokuwa kijana, na kwamba alisikia habari zako. Akanipa mkono wa pole pale katikati ya uwanja, na mimi, ambaye sikulia tulipofungwa saba, nikalia begani kwake, kila mmoja na jezi yake.

Nilirudi Mombasa kwa treni. Nilimkuta Mama papo hapo alipokuwa, dirishani, ungo mapajani. Hakuniuliza kama nimechoka. Akaniuliza, "Ngapi?" Miaka yote hiyo hajawahi kuuliza ngapi. Nikamwambia mbili. Akafikiri. Akasema mbili si nyingi. Kisha akaniambia Ami Yusuf alikuja siku ya mechi na simu yake, akaiweka kizingitini, sauti ameifungua mpaka mwisho ili Mama asikie kutoka upande wa ndani ya pazia, na mpaka mtandao ulipokatika kipindi cha pili, kila nilipoushika mpira yeye alimtangazia, "Kadaka, shemeji. Kadaka tena." Kuhusu aibu hakusema kitu tena. Mama naye hakumkumbusha.

Eda imekwisha, Baba. Wanawake wa mtaa walikuja wakamuogesha, wakamfukiza udi, wakamvika nguo mpya, wakasoma. Mama alisimama katikati yao kama mgeni ndani ya nyumba yake. Watu walipoondoka akafungua mlango wa mbele, akasimama kizingitini, hakutoka. Jioni ya pili ndipo alipotoka, na unajua aliniambia nimpeleke wapi? Si kwa dada yake. Alitaka kuuona uwanja wa Ganjoni ninapofanyia mazoezi. Kazini kwake ni hatua chache tu kutoka pale, na miaka yote hiyo alikuwa akipita akitizama upande wa pili.

Akakaa kwenye benchi la simiti na mkoba wake mapajani. Tulicheza. Tulipopumzika akaniita, uso wake mzito, kama mtu aliyegundua dhuluma.

"Mbona wenzio wote wakimbia na wewe wamekusimamisha peke yako?"

Nikamweleza kazi ya kipa ni nini. Kwamba wengine huenda na kurudi, na yeye lazima akutwe palepale. Alichezea kamba ya mkoba. Kisha akacheka, Baba. Si kicheko kikubwa. Lakini meno yalionekana, na wasichana wenzangu waligeuka kutizama nani huyo anayecheka, kwa sababu hawakuwahi kumsikia.

Nilitaka uwepo uone.

Kocha ameniambia wataniita tena. Mwaka huu nitakuwa nimepita umri wa timu hii, nitaingia ile ya wakubwa kidogo. Nitaenda. Huenda tukafungwa tena, sisi bado ni wadogo, lakini upande wangu wa kushoto naufanyia kazi kila alfajiri. Ami Yusuf ndiye anayenipigia mipira. Hajui kupiga kabisa. Anajitahidi.

Na jambo hili nakuahidi, nimelisema kwa ulimi wangu mbele ya Mama ili nisiweze kulikana. Yeye na dada yako sasa wanapigiana simu kila Ijumaa, kila mmoja anaelewa nusu ya anayoambiwa na wote wawili hawakati simu. Shangazi anamtaka. Anataka kumwona mwanamke aliyekusomea Yasini. Nitampeleka. Mama amesema yeye ndege anaiogopa, hajawahi kuipanda, hata kivuko cha Likoni hukipanda akishika nguzo.

Lala, Baba. Mola akupe nafasi pana na mwanga huko uliko, na akukutanishe na mama yako uliyemwacha ukiwa mdogo. Mimi niko. Mama yuko. Siku ya safari nitamkalisha dirishani, na nitamshika mkono kutoka hapa hadi kwenu.

Mwanao,
Nasra